Yule wa Juu Kabisa, Pembeni

Kazini walimwita Buibui, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono, na zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa ameipitisha akining'inia kwenye kamba, akiosha vioo vya maghorofa. Aliyajua mambo ya ofisini kuliko wenye ofisi. Alijua nani husinzia nyuma ya kompyuta, nani hulia mlango ukishafungwa, na nani hula chakula cha mwenzake kilichowekwa kwenye friji. Hakumwambia mtu. Hilo lilikuwa moja ya mambo yake mema, nayo hayakuwa machache.

Nyumbani alikuwa na jina lingine. Mkewe alimwita Baba Kifundo. Binti yao, mtoto wao wa pekee, tangu anatambaa alikuwa haoni kamba ya baba yake bila kuipiga fundo. Asubuhi baba anavuta kamba atoke, anakuta imejaa vifundo kama shanga, na mtoto amekaa pembeni anacheka kwa fizi. Basi akamwita Kifundo. Jina lake la cheti likabaki la shuleni na la hospitalini. Majirani wengine walidhani ameitwa kwa kifundo cha mguu, wakauliza kama mtoto aliteguka. Baba alifurahia swali hilo kila lilipoulizwa.

Kifundo alikua, akasoma, akapata kazi ya mapokezi katika jengo lile lile ambalo baba yake aliosha vioo vyake. Siku moja, wakati wa mapumziko, alipanda juu ya paa kumpelekea baba maji ya kunywa. Akakuta kamba moja.

Kanuni ya kazi ile ni kamba mbili. Moja ya kukalia, ya pili ya kukudaka ya kwanza ikikusaliti. Ile ya pili ya Buibui ilikuwa imechakaa, akaitupa, akasema atanunua nyingine. Akasema hivyo mwezi ule, na mwezi uliofuata, na huku anashuka na moja kila siku kama mtu aliyeahidiwa kuwa hatakufa. Binti aliinama ukingoni, akamwona baba yake mdogo kama kidoti, na maji yakamwagika mkononi mwake.

Jioni alimwambia. Baba akajibu, "Kazi hii nimeianza wewe hujaota hata jino." Akamwambia tena, akamwambia na tena. Alipoona hasikilizwi, alikwenda kwa meneja wa jengo.

Buibui aliteremshwa mchana kweupe, watu wanatazama. Walinzi wa getini wakapata la kusema: "Buibui kakatiwa uzi!" Akakaa bila kazi kwa muda. Usiku ule nyumbani hakuvua hata viatu.

"Umeniuza," alimwambia binti yake. "Umeniuza kwa watu. Mimi, baba yako."

"Sijakuuza, baba. Nimekushika."

"Toka. Na jina lako lisitajwe tena humu ndani."

Hapa lazima isemwe wazi: binti hakukosa. Aliyekosa ni mtu mzima aliyejificha nyuma ya umri wake, na kosa la mtu mzima ni zito zaidi kwa sababu wadogo hawana ruhusa ya kumkemea. Buibui mwenyewe alilijua hilo hata kabla hasira haijapoa. Lakini alikuwa ameshatamka, na alikuwa mtu anayeona aibu kumeza maneno yake kuliko kumeza mawe.

Kifundo akahama, akapata kazi katika kampuni nyingine na chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Ndipo Buibui akagundua jambo ambalo hakulipigia hesabu. Kwa kulikataza jina la binti, alikuwa amelikataza na la kwake. Mkewe hakuweza tena kumwita Baba Kifundo. Akawa anamwita "wewe".

"Wewe, chakula."

"Wewe, mvua hiyo, nguo ziko nje."

Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anatii amri, na utii ule ulimchoma Buibui kuliko matusi. Mke alikuwa akienda kumtembelea binti, na mume alijua, maana alirudi ananukia mafuta ya nywele ya Kifundo. Wakati mwingine alijaribu kuanza: "Jana nilikwenda kumwona..." Hapo hapo Buibui alinyanyuka, akachukua kofia yake kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka. Alizunguka mitaa mpaka ahakikishe habari imelala. Kofia ile ilikuwa imechoka kuliko mwenyewe.

Mambo yalikaa hivyo mpaka mwenye jengo alipotaka bustani ukutani.

Ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa unapigwa na jua la mchana kutwa, na waliofanya kazi nyuma yake walikuwa wanakaangika. Aliletwa msanifu wa bustani, dada mwenye sauti ya upole na viatu vyenye matope, akachora, akapima, akaeleza. Zilifungwa fremu za chuma zikiacha nafasi ya mkono kupita, ili unyevu usiingie ukutani. Juu ya fremu plastiki ngumu, na juu ya plastiki kitambaa kizito kama blanketi, kilichoshonwa vifuko safu kwa safu, kila kifuko na mche wake. Juu kabisa lilipita bomba jembamba, laini, lenye vitundu, likidondosha maji matone matone. Maji yalishuka ndani ya kitambaa kutoka safu moja hadi nyingine, mpaka kwenye mfereji wa chini, yakasukumwa tena kurudi kwenye tangi.

"Mimea ya chini itashiba kila siku," alisema msanifu. "Ya juu ndiyo ya kuangalia. Jua lote lake, upepo wote wake, na maji hayakai."

Ukuta kama ule unataka mtu wa kuupanda kila wiki, apogoe, apandikize, asafishe vitundu. Meneja, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, alimkumbuka Buibui. Alimpa masharti: kamba mbili, na mtu wa chini anayemtazama muda wote wa kazi, simu ikiwa wazi kati yao. Na mtu wa chini akawa mkewe, kwa sababu hakuna aliyejua miche pale kuliko yeye. Alikuwa ameotesha na kuuza miche kando ya barabara tangu ujana wake, kwenye makopo na pakiti za maziwa, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya udongo ambayo sabuni ilishakata tamaa nayo. Aliogopa urefu kiasi kwamba hata kwenye stuli hakupanda. Basi wakagawana: mume juu, mke chini, simu mifukoni na waya masikioni.

Watu waliopita walisimama kuwasikiliza.

"Yule wa safu ya tatu, mwenye majani ya mistari, mpunguzie nywele. Anamfunika mwenzake."

"Mmea huo," Buibui alijibu kutoka hewani. "Sema ule. Upunguze. Wewe ulisoma wapi?"

"Nilisoma kwa mama yangu. Kinachokunywa maji na kuona kiu ni mtu."

"Basi na mbuzi ni mtu."

"Mbuzi naye ni yule. Au siku hiyo hukwenda shule?"

Walinzi wa getini walicheka mpaka mmoja akaangusha kirungu. Buibui alinuna, lakini alikuwa ananuna kwa raha. Ilikuwa zamani tangu wao wawili waongee kwa urefu namna ile. Nyumbani walibaki na maneno ya lazima tu, ya chumvi na ya sabuni. Ukutani walirudiwa na maneno yao yote.

"Sogea kulia. Kulia! Unampita."

"Nampita nani? Hapa kuna majani tu."

"Wewe uko puani mwake, utamwonaje? Ninayemwona ni mimi niliye mbali."

Na ilikuwa kweli. Kwa karibu ukuta ulikuwa jani na jani na jani. Mwanamke aliyesimama chini, shingo imepinda, ndiye aliyeuona wote, na doa lolote la njano lilimwita kama mtoto anayelia katikati ya watoto mia.

Doa lililomsumbua zaidi lilikuwa juu kabisa, pembeni kulia. Mmea mmoja pale ulianza kwa kulegea, ukafuata kunyauka, na sasa majani yake yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyotupwa. Msanifu alipopita aliutazama na kuwaambia, "Panda uukague. Chuna shina kidogo kwa ukucha. Kama ndani ni kijani, uache. Kama ni kahawia, ng'oa, nitaleta mwingine."

Siku iliyofuata asubuhi Buibui alifunga kamba zake, akashuka kutoka ukingo wa paa mpaka kwenye pembe ile. Alitupa jicho mara moja, akatoa kisu.

"Amekufa huyu," alisema.

Chini, mkewe alitabasamu. "Amekufa? Leo ni huyu?"

"Umekufa. Ulimi umeteleza. Naung'oa."

"Usimng'oe! Umemchuna?"

"Kwa nini nimchune... niuchune? Macho ninayo."

"Dada wa watu alisema nini? Mchune kwanza."

Buibui alisonya, akarudisha kisu, akachuna shina kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome kavu kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani, mbichi, wenye unyevu. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haya?" mke aliuliza.

"Kijani," alisema, kwa shingo upande.

"Basi ana kiu tu. Tafuta nani anamnyima maji. Na ukishamaliza huyo, kuna yule mwingine."

"Yupi? Wa kushoto?"

"Si wa kushoto. Yule wetu." Mke alivuta pumzi, na Buibui aliisikia pumzi ile sikioni kama mtu amesimama nyuma yake. "Keshokutwa anaondoka. Kazini wamemhamishia tawi la mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ameniambia nisikuambie. Nakuambia."

Mkono wa Buibui ulipanda wenyewe kichwani kutafuta kofia. Ukakuta helmeti, imefungwa chini ya kidevu. Akatazama chini kutafuta mlango. Palikuwa na viatu vyake, chini ya viatu hewa, na chini ya hewa mkewe.

"Hapa si mahali pa maneno hayo," alisema.

"Ndipo hasa. Nyumbani una kofia."

"Nitashuka."

"Shuka. Mimi niko huku huku chini."

Alibaki ananing'inia. Hakuwahi katika maisha yake kuona kamba kuwa fupi kiasi kile. Angeweza kukata simu, lakini sharti la meneja lilikuwa simu wazi muda wote wa kazi, na kanuni za kazi aliziheshimu sasa kwa uchungu wa mtu aliyefundishwa kwa aibu. Basi akafanya walichozoea kufanya wanaume wengi wakikosa jibu: akajitia shughuli. Akaanza kutafuta kinachomnyima mmea maji.

Alipapasa bomba jembamba kutoka katikati kuja pembeni. Mahali pote lilikuwa limejaa, limetuna. Alipofika karibu na ukingo, vidole vyake vikagusa kamba.

Ilikuwa kamba nyembamba, ya rangi ya samawati, imezungushwa kwenye bomba na kukazwa, mwisho wake umeachwa kitanzi. Kulikuwa na fundo. Si fundo la mtu yeyote. Ni lile linalojikaza lenyewe, ambalo ukilitundikia uzito linauma zaidi, na mjini pale aliyelifunga kwa mtindo ule, mkia umerudishwa chini, alikuwa mmoja tu, pamoja na mtoto aliyemfundisha.

Akakumbuka. Siku ya kwanza ya kupanda miche alikuwa amekosa mahali pa kutundika ndoo pembe ile. Mtu wa kamba akikosa mahali pa kufunga, mikono hufunga popote kabla kichwa hakijaulizwa. Alikuwa amefunga kwenye bomba. Akatundika ndoo ya udongo wiki hadi wiki, na kila wiki fundo likaliminya bomba zaidi, na maji yakaishia pale, kiganja kimoja tu kutoka kwenye mmea uliokuwa unayangoja. Na yeye ndiye aliyekuja na kisu kusema umekufa.

Alijaribu kulifungua. Fundo liligoma. Alitumia ukucha, akatumia ncha ya kulabu, mwishowe akasogea akatumia meno. Lilipoachia, bomba lilibaki limebonyea kwa muda, likisitasita, kisha likaanza kutuna taratibu. Tone likatokea kwenye kitundu. Likakua, likaanguka kwenye kitambaa, na kitambaa kikalinywa bila kuacha alama.

"Wewe," mke aliita. "Mbona kimya?"

"Nimempata."

"Nani?"

"Aliyemnyima maji."

"Ni nani huyo?"

Upepo ulipita kwenye majani. Mlinzi mmoja getini alikuwa anapiga mluzi wa wimbo asioujua vizuri.

"Mimi," alisema Buibui. "Fundo langu. Nilifunga ndoo kwenye bomba."

Mkewe hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Aliuliza tu, "Na sasa?"

"Sasa anakunywa."

Alisema anakunywa, na mke akamwacha hivyo hivyo.

Tone la pili lilianguka, na la tatu. Buibui aliyafuata kwa macho kama mtu anayesoma. Kisha akasema, sauti imeshuka mpaka mke akabonyeza waya sikioni, "Na yule mwingine. Mwambie aje."

"Nimwambie nani? Mimi nimekatazwa kumtaja."

"Mama, usinitese."

"Sikutesi. Sema nimwite nani."

"Kifundo." Jina lilitoka limekwaruza, kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu. "Mwambie Kifundo aje."

"Ah-ah. Hakufukuzwa kwa mdomo wangu, sitamwita kwa mdomo wangu. Mpigie mwenyewe."

"Nimening'inia!"

"Una mkono mmoja bure. Nami nakutazama, ndiyo kazi niliyopewa. Kata hii, umpigie."

Mwanamke yule hakuwa na ukali wowote moyoni. Lakini alijua kuwa toba inayotumwa kwa mjumbe ni nusu toba, na alikuwa amengoja muda mrefu mno kukubali nusu.

Buibui alitoa simu, akaifuta jasho kwenye shati. Namba hakuwa ameifuta. Jina halikuwa limefutwa pia. Huko mfukoni, karibu na kifua, lilikuwa limekaa siku zote hizo bila ruhusa yake. Ikaita. Ikaita tena, kwa muda, mpaka akaanza kutumaini na kuogopa kwa pamoja kwamba haitapokewa.

"Baba?" Sauti ilikuwa ya tahadhari. "Baba, uko wapi? Mbona upepo mwingi hivyo?"

"Niko ukutani."

Swali likaja haraka, bila salamu, kama lilikuwa limekaa mdomoni kwa muda wote ule:

"Kamba ngapi?"

Buibui alifungua mdomo, na badala ya jibu ikatoka sauti ambayo mkewe huko chini hakuweza kujua kama ni kicheko. Akaegemeza helmeti kwenye majani.

"Mbili," alisema alipoweza. "Ni mbili, mwanangu. Ulikuwa umenishika, na mimi nikasema umeniuza. Njoo. Njoo uzikague mwenyewe."

Alifika mchana, angali kwenye nguo za kazi. Mama alimwelekeza kwa kidevu tu: juu. Akapanda paani, na Buibui, aliyekataa kushuka hata kula, aliona kichwa cha binti yake kikichungulia ukingoni. Hawakusalimiana. Kifundo alipiga magoti, akashika kamba ya kwanza, akavuta. Akashika ya pili, akavuta kwa uzito wake wote, akatazama mkia wa fundo kama umerudishwa chini.

"Hii nani kafunga?"

"Mimi."

"Imekaa vizuri," alisema. Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Haya, shuka, baba. Nimekushika."

Na kutoka chini ikapanda sauti ya mwanamke, kali, ya furaha isiyojua kujificha: "Baba Kifundo! Ukishuka pita kwa yule wa mistari, nywele zimemzidi tena!"

"Yupi?" aliuliza Buibui, na hakumsahihisha mtu.

Kifundo alilala kwao usiku ule na uliofuata. Safari haikuahirishwa, kazi ni kazi, na upatanisho si sababu ya mtu kuvunja ahadi aliyompa mwajiri. Siku ya kuondoka, sanduku lake lilikuwa na zipu mbovu, basi baba akasema aachiwe yeye. Akalifunga kwa kamba mpya ya samawati, akakaza kwa goti, akakagua, akakaza tena. Kule ukutani yule wa juu kabisa, pembeni, alikuwa bado hajatoa jani. Alikuwa ameacha kujikunja tu, na mama alisema hilo linatosha kwa sasa.

Jioni simu iliita. Buibui aliipokea kabla haijamaliza mlio.

"Baba, nimefika salama. Lakini sanduku halifunguki. Nimejaribu na uma. Umefunga kamba ngapi humu?"

Buibui alimtazama mkewe, aliyekuwa amesogeza sikio kwenye simu.

"Mbili," alisema.